Kabla ya kuzamisha meli, waliipaka grisi



Zamu ya kuandika imefika kwangu. Najua wengi mulikuwa munangojea niandike juu ya mihogo na magonjwa yake, ju njo kazi yenye nilisomea. Leo nitaandika juu ya meli. Musicheke. Huku kwetu, kati ya Masisi na Walikale, ziwa hakuna. Tuko na milima, msitu, matope na pikipiki. Chombo cha maji chenye watoto wengi wa hapa wameona ni mtumbwi wa mti mmoja tu. Lakini kuna meli moja ya zamani yenye imenifundisha kitu ambacho licence yangu ya agronomia haikunifundisha. Kitu hicho nilikihitaji sana siku moja, na siku hiyo sikukijua. Mbele kidogo nitawaelezea ni siku gani.

Meli hiyo inaitwa Liemba. Iko Kigoma, Tanzania, kwenye ziwa Tanganyika, upande wa pili wa maji ukitoka Kalemie yetu. Ilitengenezwa mwaka wa 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani. Urefu wake ni karibu mita 70. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Huyo Götzen alikuwa gavana wa Wajerumani katika Afrika Mashariki. Kabla ya kuwa gavana alipita upande wetu: mwaka wa 1894 alifika ziwa Kivu, akapanda Nyiragongo, kisha akavuka msitu kuelekea magharibi mpaka mto Kongo. Kwa hiyo ile meli, ata kama haijafika kwetu, ilibeba jina la mtu mwenye alipita katika misitu hii.

Sasa, meli ya mita 70 inafikaje kwenye ziwa lenye liko katikati ya Afrika? Hapo njo akili ya mafundi inaanza kuonekana. Waliiunda kwanza kule Papenburg, wakaifungua kipande kwa kipande, wakaipanga ndani ya masanduku 5,000. Masanduku yakapanda meli kubwa ya bahari mpaka Dar es Salaam, kisha treni mpaka Kigoma. Reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka wa 1914. Mafundi watatu wa kiwanda walikuja nayo: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Kule Kigoma wakaiunganisha upya, bati juu ya bati, ribiti kwa ribiti. Tarehe 5 Februari 1915 ikashuka majini. Lakini vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimekwisha kuanza, na meli yenye ilitengenezwa kwa kubeba watu na mizigo ikafungwa mizinga.

Upande wetu wa ziwa nao haukulala. Waingereza walileta boti mbili ndogo za moteri ya esanse, Mimi na Toutou, kila moja karibu mita 12. Zilitoka Cape Town kwa treni mpaka Katanga. Reli ilipoishia, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupitia milima ya Mitumba. Kisha treni tena, kisha mto Lualaba, kisha treni nyingine mpaka Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata boti ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 ya pili, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Njia ya porini na madaraja yake, Wakongomani wengi njo waliikata na kuyajenga. Majina ya boti tunayo. Majina ya wale waliokata njia ni nani anayajua?

Turudi kwenye meli yetu. Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yanakaribia Kigoma, na Wajerumani wakajua kwamba watakimbia. Meli kubwa hivyo haibebwi mgongoni. Kuiachia adui hawakutaka. Kamanda wao, Gustav Zimmer, akatoa amri izamishwe. Kazi hiyo walipewa wale wale waliokuja nayo kutoka Papenburg.

Hapa njo nataka musome pole pole. Wale mafundi walikuwa na haraka, walikuwa wameshindwa, na kesho yao hawakuijua. Walikuwa na sababu zote za kutoboa chini na kwenda zao. Lakini kwanza walipaka mashini grisi nzito pande zote. Kisha wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916, karibu na mahali mto Malagarasi unaingia ziwani, wakaishusha chini taratibu. Waliizamisha kama mtu mwenye anaweka mbegu akiba.

Wao hawakurudi kuichukua. Wabelgiji walijaribu kuiinua wakafaulu kidogo, halafu dhoruba ikaizamisha tena mwaka wa 1920. Waingereza, wenye walikuwa wamepewa Tanganyika kuitawala, wakajaribu kwa zamu yao, na tarehe 16 Machi 1924 meli ikatoka kwenye maji. Walipofungua mashini wakakuta chuma bado ni chuma. Karibu miaka minane chini ya ziwa, na mashini za mvuke pamoja na mitungi yake ya kuchemshia maji bado vinafaa kutumika! Baada ya matengenezo, tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba, moja kati ya majina ya zamani ya lile ziwa.

Ju ya nini grisi ilifanya kazi hiyo? Tueleweshane kama wanafunzi. Kutu siyo uchafu, ni ndoa. Chuma, maji na oksijeni vikikutana vinafunga ndoa, na mtoto wao ni ule unga mwekundu. Ukitenga mmoja kati ya hao watatu, ndoa haifungwi. Grisi nzito inakaa juu ya chuma kama ngozi: maji hayaingii, hewa haiingii. Tena maji ya Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari. Chumvi inaharakisha kutu sana, na njo maana meli za maziwa zinaweza kuishi kuliko dada zao za bahari. Sisi watu wa kilimo tunajua jambo hilo kwa upande mwingine: mahindi ya mbegu ukiyakausha vizuri na kuyafungia ndani ya bidoni yenye haipitishi hewa, mududu anakosa pumzi na mbegu inangojea musimu. Ukiyaacha kwenye gunia wazi jikoni, mwezi wa tatu unapanda unga.

Sasa tuone kukarabati meli ya zamani ni kazi gani hasa, ju watu wengi wanafikiri ni kupaka rangi. Rangi njo ya mwisho.

Kwanza meli inatolewa majini, inakalishwa juu ya nchi kavu, na ngozi yake inapimwa. Fundi wa zamani alikuwa anagonga bati kwa nyundo na kusikiliza: bati nzima inalia, bati iliyokwisha inajibu kwa sauti ya kopo. Leo kuna kifaa chenye kinatuma sauti ndani ya chuma na kusoma unene wake. Mahali pabaya kuliko pote ni kule chini ya mashini, penye maji machafu na mafuta vinalala miaka na hakuna mtu anaingiza mkono. Bati zilizokwisha zinakatwa, mpya zinawekwa. Zile za zamani zilishikwa kwa ribiti, za leo kwa kuchomelea, na kuunganisha hizo mbili kunataka fundi mwenye subira, ju moto wa kuchomelea unaweza kulegeza ribiti za jirani.

Pili ni mashini. Liemba ilianza na mvuke, na miaka ya 1970 ikawekewa moteri za mazuti. Mwaka wa 1993 ilipata tena matengenezo makubwa. Hapa mafundi wanabishana katika nchi zote: meli ikibadilishiwa moteri, bado ni ile ile? Mimi najibu kama mukulima. Jembe la baba likibadilishiwa mpini, bado ni la baba, basi tu liendelee kulima. Lakini ukibadilisha moteri, lazima upange upya na ule mtaimbo wenye unazungusha panga la nyuma. Ukipinda kidogo tu, meli nzima inatetemeka na maji yanaanza kuingia.

Tatu ni uzito. Kila kitu kipya chenye unaongeza juu kinabadilisha namna meli inavyosimama: choo kipya, kibanda kipya, matanki. Kwa hiyo kabla ya kurudi kazini inapimwa: wanasogeza mizigo upande mmoja na kuangalia inalala kiasi gani na inarudi namna gani. Matokeo ya kipimo hicho njo yanasema ibebe watu wangapi. Ndugu zangu, hesabu hiyo siyo karatasi ya kumfurahisha askari wa bandari. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti yenye ilikuwa inatoka Minova ilizama karibu kabisa na kufika Kituku, Goma, watu wakiangalia kutoka ngamboni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Wengi kati yetu tunajua mtu mwenye alikuwa ndani, ao tunajua mtu mwenye anamjua. Ziwa haliangalii rangi.

Kisha ndipo tunafika kwenye utamu wa jambo, yaani kufurahia chombo chenyewe. Kuna namna mbili, na zote ziko kwenye historia ya upande huu wa Afrika.

Ya kwanza ni ya boti nyingine, ndogo. Ilijengwa Uingereza mwaka wa 1912, ikaitwa Livingstone, ikafanya kazi kwenye ziwa Albert na mto Nile, jirani na ndugu zetu wa Ituri. Ilipoigizwa filamu ya The African Queen, iliyotoka 1951 na iliyopigwa sehemu moja hapa Kongo na nyingine Uganda, boti hiyo njo iliigiza. Leo iko Key Largo, Florida, Marekani. Ilikarabatiwa, ikarudi majini mwaka wa 2012, na watalii wanalipa ili kuzungushwa nayo. Mimi sioni wivu. Wangeiacha huku ingeweza kuoza ao kukatwa vyuma vya kuuza. Lakini inaniuma kidogo kwamba mtoto wa Mahagi akitaka kuiona, anahitaji viza.

Namna ya pili ni ya Liemba. Kwa miaka mingi ilishuka kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi njiani havina bandari. Meli ilikuwa inasimama kwenye maji, inapiga honi, na mitumbwi inatoka kijijini kwa mbio. Mama anapandishwa na mtoto mgongoni, kuku wanapandishwa miguu juu, magunia ya ndagala na ya mahindi yanapokelewa kwa mikono, mananasi yanatupwa na kudakwa. Wazungu wenye mabegi mgongoni walikuwa wanapanda juu kupiga picha, na wachuuzi wakilala chini juu ya mizigo yao. Safari moja, furaha mbili. Mimi mwenyewe sijaipanda, bali kila mara nikipanda boti ya Goma na Bukavu, nikikaa mbele kwenye upepo, Idjwi inapita pembeni na mtu anauza mandazi, ninajisemea kwamba utamu wa meli njo huu: kwa masaa machache hakuna barriere, hakuna matope, na hakuna mtu anakuuliza karte.

Na meli ya watu inafurahisha ata siku za machozi. Mwaka wa 1997, baada ya vita vilivyomuondoa Mobutu, Umoja wa Mataifa uliitumia Liemba kurudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000. Mei 2015, Warundi walipokimbilia kijiji cha Kagunga, penye barabara hakuna, Liemba ilikwenda kuwachukua na kuwafikisha Kigoma, safari baada ya safari. Meli iliyokuwa na zaidi ya miaka 100! Muulize mtu wa Kibua, mwenye amekimbia kwa miguu na mtungi kichwani, meli yenye inakuja kukuchukua ina bei gani. Kisha ilichoka, ikasimama, na katika miaka hii ya 2020 serikali ya Tanzania imeamua kuikarabati tena badala ya kuiuza kama vyuma.

Sasa ile siku yangu.

Hapa Kibua kikundi cha mama 14 walichanga pesa miaka miwili, wakanunua mashini ya kusaga mihogo, moteri ya mazuti ya mutumba lakini nzima. Mimi nilikuwa mwandishi wao, ju nimesoma, na ufunguo wa kibanda ulikaa kwangu. Asubuhi moja risasi zikasikika upande wa barabara. Kwa kweli tulikuwa na muda. Siyo mwingi, karibu saa moja. Nilikimbia nyumbani nikachukua diplome, releve, karte na nguo. Nilipita mbele ya kibanda nikahakikisha kofuli imefungwa. Bidoni ya mafuta mazito ilikuwa ndani, nusu. Ingenichukua dakika kumi: kufungua juu, kumwaga mafuta kwenye silinda, kuzungusha kwa mkono mara chache, kupaka nje, kuziba ekzosi kwa kitambaa na plastiki. Sikufanya. Nilijisemea: kama wataiiba, wataiiba.

Hawakuiiba. Ni nzito. Walichukua mabati ya kibanda, na mvua ya misimu mitatu ikaingia kupitia ekzosi. Tuliporudi, moteri ilikuwa palepale, imekamata kabisa, kipande kimoja cha chuma. Mama mmoja mzee, wenye tunamuita Koko, aliiangalia akaniuliza: «Mwanangu, na wewe mwenye ulisoma, haukujua?» Hakuniuliza kwa hasira. Njo maana bado ninamsikia.

Hadithi ya grisi ya Liemba nilikuwa nimeisikia mbele ya siku hiyo, niliichukua kama hadithi ya Wazungu tu. Nilipoirudilia nikaelewa. Sisi watu wa hapa tumezoea kufikiri kwamba kukarabati kunaanza siku amani inarudi, siku mradi unakuja, siku mfadhili anapita. Apana. Kukarabati kunaanza siku yenye unaacha kitu. Rüter na wenzake hawakuiokoa meli mwaka wa 1924. Waliiokoa mwaka wa 1916, wakiwa wanashindwa, kwa ajili ya watu wenye hawakuwajua, tena maadui zao. Wale wa 1924 walivuna.

Tangu siku hiyo tumejipangia mambo matatu, na ninayaacha hapa kwa kila kikundi chenye kiko na moteri, pompi ya kunyunyizia ao jenereta.

Kila Jumamosi jioni mashini inafutwa na kupakwa mafuta ata kama Jumatatu itafanya kazi. Bidoni ya mafuta mazito, kitambaa na plastiki vinakaa pamoja, mahali pamoja, na haviguswi kwa kazi nyingine. Na watu watatu, siyo mmoja, wanajua kuilaza: mimi, mtoto wa Koko, na mama mmoja mwenye hajui kusoma lakini mikono yake inakumbuka kuliko yangu.

Ile moteri? Tulimwita makanika kutoka Masisi. Alijaza silinda mafuta ya mazuti yaliyochanganywa na mafuta ya moteri, akasema tungojee. Siku ya tisa pistoni ikasogea kidogo kama ukucha. Tulipiga kelele kama tumezaa. Bado inahitaji segema mpya na pompi ya mazuti, na pesa yake tunaichanga pole pole. Mshahara wangu wa kwanza wa kazi ya muda, sehemu yake imeingia hapo, ju deni ni langu. Haijasaga ata kilo moja. Mama wanatwanga bado kwa mkono, na bukari tunayokula jioni inanikumbusha.

Lakini inazunguka. Jana jioni, kabla ya kufunga kibanda, niliizungusha mara tano kwa mkono, nikaipaka, nikaziba ekzosi. Koko alikuwa amesimama mlangoni anaangalia. Hakusema kitu, alinipokonya tu kitambaa akapaka mahali nilipokuwa nimesahau.